Vinywa Vilivyofungwa: Marubani wa Oriskany na Fasihi ya Siri

Tarehe 17 Mei 2006, manowari ya Kimarekani iliyoitwa Oriskany ilizamishwa kwa makusudi katika Ghuba ya Meksiko, nje ya mji wa Pensacola, jimbo la Florida. Adui hakuwa na mkono katika jambo hilo. Wenyewe waliitia baruti, wakaitoboa, nayo ikateremka kwa muda wa dakika zipatazo 37 hata ikatua wima juu ya mchanga, katika kina cha zaidi ya mita 60. Nia ilikuwa iwe mwamba wa samaki na uwanja wa wapiga mbizi. Chombo kilichobeba ndege za kivita katika vita viwili, vya Korea na vya Vietnam, sasa kinabeba matumbawe. Mpiga mbizi anayeteremka hufikia kwanza mnara wa uongozi uliosimama ubavuni mwa sitaha. Na mnara huo, kwa lugha ya mabaharia wa meli hizo, huitwa kisiwa.

Msomaji aliyelelewa na Inkishafi hahitaji kufundishwa namna ya kuitazama picha hiyo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate, akaigeukia nafsi yake na kuihoji. Oriskany nayo ni gofu, ila limefunikwa na maji. Waliokaa ndani yake, hata hivyo, walipata wasaa wa kusema wenyewe au kusemewa na waandishi waliowaona kwa macho. Kutokana na sitaha hiyo moja vimepatikana vitabu, filamu, na ushahidi wa mdomo uliofungiwa kwa zaidi ya nusu karne. Mhakiki anayevikusanya pamoja hukutana na swali moja: katika maneno yote hayo ya marubani wakongwe, lipi ni fasihi na lipi ni majigambo?

Majigambo, kwa hakika, si tusi. Ni bahari yenye heshima yake. Muyaka bin Haji aliijua vyema, na Mombasa ya zama zake ilimsikiliza kwa sababu alijua kuzitunisha sifa za watu wake mbele ya mahasimu wao. Anayejigamba hutaja silaha yake, hutaja adui wake, hutaja hatari aliyoipita, kisha huwaachia wasikilizaji wahukumu. Rubani wa manowari ana malighafi yote hayo bila ya kuyatafuta. Ndege yake ya jeti hurushwa kwa manati kutoka sitaha fupi, na irudipo hushusha kulabu iliyo mkiani ili inase mojawapo ya nyaya nene za chuma zilizolazwa kukingama njia. Akiikosa waya, zama za vita vya Korea, mbele yake kulikuwa na vizuizi, na nyuma ya vizuizi hivyo ndege za wenziwe zimeegeshwa na watu wamesimama. Sitaha yenyewe haitulii. Mawimbi huinyanyua na kuishusha. Usiku huonekana taa chache tu. Mtu aliyefanya hivyo mara mia ana haki ya kujisifu. Ajabu ni kwamba wakongwe wa Oriskany wanaostahili kusomwa wote walianza kwa kunyamaza.

Wa kwanza ni Royce Williams. Tarehe 18 Novemba 1952, akiwa luteni wa miaka 27, aliruka kutoka Oriskany katika hali ya theluji, ndani ya ndege aina ya Panther. Kaskazini-mashariki ya Korea, karibu na mpaka wa Muungano wa Kisovieti, zilitokea MiG-15 saba. Panther ilikuwa nzito na yenye mwendo mdogo kuliko MiG. Kwa hesabu ya karatasi, mapambano hayo yalikuwa yamekwisha kabla ya kuanza. Williams akapigana kwa muda wa dakika zipatazo 35, sehemu kubwa akiwa peke yake, akaziangusha nne. Alirudi na ndege iliyohesabiwa matundu 263, isiyotii usukani sawasawa, ambayo haikuweza kupunguza mwendo kama ipasavyo. Akaituza sitahani hivyo hivyo, akashuka mzima.

Kisha akaamriwa asiseme. Wale marubani saba walikuwa Wasovieti, na Urusi haikuwa imetangaza kushiriki vita vya Korea kwa watu wake. Kulitaja jambo hilo hadharani kungaliweza kuitanua vita. Zaidi ya hayo, Wamarekani hawakutaka ijulikane kwamba walikuwa wakisikiliza mawasiliano ya redio ya upande wa pili. Mwaka 1953 Williams alipewa nishani iliyomhesabia ndege moja tu. Hakumwambia hata mkewe. Aliendelea na utumishi, akapigana pia Vietnam, akastaafu, akazeeka, siri ikiwa kifuani. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, watafiti wa Kirusi wakaandika majina ya marubani wao wanne wasiorudi siku ile: Belyakov, Vandalov, Pakhomkin na Tarshinov. Mwezi wa Januari 2023, Williams akiwa na umri wa miaka 97, Jeshi la Majini la Marekani likamvisha Navy Cross, nishani kubwa kuliko ile ya kwanza.

Mtu aliyezoea elimu ya mapokezi ataona jambo geni hapa. Kila habari huhitaji mpokezi wa kuaminiwa. Na mpokezi aliyekuja kuithibitisha habari ya Williams alikuwa adui yake. Serikali yake ilijua ikafunga kinywa. Rafiki zake hawakujua. Waliomtolea ushahidi ni waliohesabu maiti zao. Bila ya orodha ya Warusi, masimulizi ya mzee huyu yangalikuwa hadithi ya barazani, ya kusikilizwa kwa adabu na kusahauliwa kabla ya kahawa kupoa.

Kwa upande wa sanaa, ukimya huo umeacha alama. Kisa kinachosimuliwa mwaka baada ya mwaka husuguliwa na masikio ya watu. Hupata vituo, hupata kibwagizo, hupata uongo mdogo mdogo wa kupendeza. Kisa cha Williams hakikupata kusuguliwa. Kilipotoka, kilitoka kikavu: idadi ya risasi, upande wa jua, hali ya mawingu, ubaridi wa bahari uliomkataza kuruka kwa mwavuli. Wanaotafuta mashujaa hulalamika kwamba wazee wa namna hii hawajui kusimulia. Malalamiko hayo hayana uzito. Ukavu huo ndio uzuri wake, kwani kila neno lina kazi. Upungufu wake ni mwingine. Majina ya Belyakov na wenziwe yanapotajwa katika sherehe, hutajwa kama hesabu. Hakuna anayeuliza kama nao walikuwa na mama. Ushahidi umekamilika, utenzi haujaanza.

Aliyejaribu kuutunga utenzi huo, kwa nathari, ni James Michener. Mwandishi huyu alikaa na marubani katika manowari za Bahari ya Japani majira ya baridi ya 1951 na 1952, na mwaka 1953 akatoa riwaya fupi, The Bridges at Toko-Ri. Mhusika wake mkuu, Harry Brubaker, ni wakili wa Denver aliyekwisha pigana katika Vita Vikuu vya Pili. Ana mke, ana mabinti wawili, na kazi yake imeanza kushika. Mara anaitwa tena, katika vita ambavyo majirani zake wa mjini hawavijali. Anaogopa. Hicho ndicho alichokiongeza Michener katika fasihi ya marubani: hofu isiyofichwa, ya mtu mzima mwenye cha kupoteza. Brubaker anazijua hoja zote za kukataa, wala hazipingi, na bado anapanda ndegeni. Anauawa ndani ya mtaro, chini, mbali na mbingu alizozizoea, pamoja na mabaharia wawili wa helikopta waliokuja kumwokoa. Amiri wake anabaki sitahani na swali lisilo jibu. Filamu iliyotengenezwa mwaka 1954 chini ya uongozi wa Mark Robson, nyota wake wakiwa William Holden na Grace Kelly, ilipigwa kwa sehemu juu ya Oriskany yenyewe, na haikumwokoa Brubaker ili kuwafurahisha watazamaji. Hilo si haba kwa Hollywood ya wakati ule.

Lakini kuna kisa nyuma ya kisa. Michener aliitegemea habari ya kweli ya Februari 1952: rubani aliyeanguka, na helikopta iliyokwenda kumchukua ikaanguka nayo. Manowarini iliaminiwa kwamba wote walikufa. Wale watu walikuwa wamekamatwa wakiwa hai, wakawekwa kifungoni, wakarudi makwao vita vilipokwisha. Riwaya ikawa imewaua watu ambao maisha yaliwaacha. Mhakiki wa haraka ataliita kosa hilo. Mwenye subira ataona kwamba riwaya ililihitaji kaburi kwa sababu maombolezo yana umbo, na kifungo hakina. Anayekufa hukamilisha beti yake. Aliyefungwa hubaki katikati ya mshororo, na mwandishi wa nje hana njia ya kuumalizia. Fasihi ya kifungo ilibidi ingoje mfungwa mwenyewe.

Naye alikuja, na manowari ilikuwa ile ile. James Stockdale alikuwa kamanda wa kikosi cha ndege cha Oriskany alipoangushwa juu ya Vietnam ya Kaskazini tarehe 9 Septemba 1965, akiwa katika Skyhawk. Alifunguliwa Februari 1973. Miaka saba na ushei, mguu umevunjika, sehemu kubwa ya muda huo yu peke yake chumbani. Kabla ya vita alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Stanford, na huko mwalimu mmoja wa falsafa alimkabidhi kijitabu cha Epictetus, mtumwa wa zamani za Warumi aliyefundisha kutenga yaliyo katika uwezo wa mtu na yasiyokuwamo. Stockdale amesimulia kwamba alipokuwa akining'inia kwenye mwavuli alijua anatoka katika dunia ya mitambo na kuingia katika dunia ya mtumwa yule.

Kitabu chake, In Love and War, kilichotoka mwaka 1984, kina umbo linalostahili kuangaliwa na kila mtunzi wa malumbano. Sura hupokezana: moja ya mume, inayofuata ya mke, Sybil. Yeye gerezani Hanoi. Mkewe nyumbani California, akilea watoto wanne, akiambiwa na maofisa anyamaze kwa faida ya wafungwa. Sybil alikataa. Aliwakusanya wake wa wafungwa, wakaunda umoja, wakawafuata wakubwa ofisini mwao na kuwataka waseme hadharani namna wafungwa wanavyotendewa. Kwa hiyo ndani ya jalada moja kuna mtu anayepigania haki ya kutosema na mtu anayepigania haki ya kusema, nao ni mke na mume. Washairi wawili wanaojibizana kwa beti hawangeweza kupanga mgogoro ulio sawa zaidi. Na ni lazima ikiriwe kwamba mara nyingi sura za Sybil ndizo zenye nguvu. Mumewe ana falsafa ya kumkinga. Yeye ana kikapu cha nguo chafu, simu isiyolia, na hasira.

Siri ya Stockdale ilikuwa nzito kuliko ya Williams. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1964, kabla ya kuhamia Oriskany, aliruka kutoka manowari Ticonderoga hadi Ghuba ya Tonkin, ambako meli mbili za Kimarekani ziliripoti kwamba zinashambuliwa na mashua za adui. Alizunguka juu yake gizani na hakuona mashua hata moja. Taarifa ya shambulio hilo ndiyo iliyotumiwa kupata ruhusa ya Bunge la Marekani ya kupanua vita. Stockdale akaingia gerezani akijua kwamba vita vilivyomfunga vilipata kibali chao katika usiku usiokuwa na mapigano. Hofu yake kubwa ilikuwa kwamba watesaji wangemtoa habari hiyo kinywani. Hawakuitoa. Mwaka 1969, alipojua kwamba wanataka kumwonyesha katika picha, alijikata kichwa kwa wembe na kujiponda uso kwa kibao cha kukalia, ili asifae kuonyeshwa.

Hapa ndipo msomaji anapowekwa njia panda, na kitabu hakimsaidii kuchagua. Mtu anavumilia mateso ili kuficha jambo ambalo, lingalijulikana mapema, pengine lingaliwazuia wengine wasife. Uaminifu wake ni wa kweli. Aliyemfanyia uaminifu huo hakuustahili. Stockdale hakujisingizia ujinga. Aliandika alichokiona Tonkin, akaandika pia kwamba alikificha, akaacha mambo mawili hayo yakae bega kwa bega bila kuyapatanisha. Huo ndio ujasiri wa kifasihi, nao ni adimu kuliko ule wa sitahani.

Wapenzi wa ushairi watakichukua kutoka gerezani humo kitu kimoja zaidi. Wafungwa walikatazwa kuzungumza, wakazungumza kwa kugonga kuta. Walizipanga herufi katika mraba wa safu tano zenye herufi tano tano: mgongo wa kwanza hutaja safu, wa pili hutaja nafasi ya herufi ndani ya safu. Kwa kuwa herufi za Kiingereza ni 26 na nafasi ni 25, K iliachwa nje, C ikashika kazi yake. Mswahili hawezi kuisoma habari hiyo bila kutabasamu, maana lugha yake ingalikatika pumzi: hakuna kuka, hakuna kufika, hakuna kukumbuka. Kwa njia hiyo walipashana habari, walifundishana, walikaririshana mashairi. John Borling, rubani wa jeshi la anga na si wa majini, alitunga beti zake kichwani, akawagongea wenziwe waziweke kichwani nao, na mwaka 2013 zikatoka kitabuni kwa jina la Taps on the Walls.

Pwani hii ina babu wa kisa hicho. Fumo Liyongo gerezani alimpa kijakazi Saada wimbo aupeleke kwa mama yake. Walinzi wakausikia, wala hawakuutambua, na tupa ikaja ndani ya mkate. Wimbo ule ulikuwa ufunguo. Beti zilizogongwa Hanoi hazikufungua mlango wowote, na hapo pana funzo kuhusu mizani na vina ambalo hupuuzwa na wanaoviona kuwa pambo au pingu. Shairi lenye hesabu huhifadhika. Mfungwa asiye na karatasi hujua kwamba neno limepotea kwa sababu mshororo umepungua. Mizani ni mlinzi wa kumbukumbu. Waliolithibitisha hilo hawakuwa walimu wa ushairi, walikuwa marubani walionyang'anywa kila kitu.

John McCain, mrubani mwingine wa Oriskany, ndiye ajulikanaye kuliko wote kwa sababu ya siasa. Aliangushwa tarehe 26 Oktoba 1967, akaanguka katika ziwa Truc Bach mjini Hanoi, mikono yote miwili na mguu vimevunjika, akafunguliwa Machi 1973. Mwaka mmoja kamili kabla ya siku aliyoangushwa, tarehe 26 Oktoba 1966, moto uliowashwa kwa ajali na fataki ya kumulikia uliwaua watu 44 ndani ya Oriskany. Kitabu chake cha mwaka 1999, Faith of My Fathers, alichokiandika pamoja na Mark Salter, kina maandalizi marefu ya nasaba: babu amiri, baba amiri, mjukuu mtundu. Sehemu hizo zinasomeka kama utangulizi wa mwenye kuomba kura. Lakini anapofikia siku alipovunjika chini ya mateso na kutia saini ungamo, lugha inabadilika, sentensi zinafupika, na babu na baba hawamfai kitu. Kurasa hizo chache zinakilipia kitabu kizima. Aliyezijua sifa zake zote ameamua kukumbukwa pia kwa alichokionea haya. Majigambo yamegeuzwa ndani nje.

Baada ya kuyasifu haya, haki inadai yasemwe na mengine. Katika vitabu vyote hivi, ardhi huonekana kutoka juu. Kuna madaraja, njia za reli, mizinga ya kutungulia ndege. Watu ni wachache, na wenye majina ni walinzi wa gereza. Mkazi wa Hanoi au mwanakijiji wa Korea hana sura ya kupokezana kama aliyopewa Sybil. Kutaka kila rubani aandike kitabu cha aliyempiga ni kutaka makubwa, lakini msomaji ana wajibu wa kuvipanga vitabu rafuni kwake ili vijibizane vyenyewe. Riwaya ya Bao Ninh, askari wa Kaskazini aliyeandika huzuni ya vita hivyo hivyo kutoka ndani ya matope, ikae kando ya Stockdale. Wakazi wa mwambao huu nao wana sababu yao ya kukumbuka kwamba sitaha huonekana vingine kutoka ufukweni: Januari 1964 manowari ya Kiingereza Centaur ilisimama mbele ya Dar es Salaam, ikashusha askari kwa helikopta kuzima maasi ya jeshi la Tanganyika. Walioitazama kutoka nchi kavu hawakuhesabu nyaya za kutulia ndege. Walijiuliza imemjia nani.

Kwa hiyo, katika fasihi ya Oriskany, cheo cha kwanza ni cha In Love and War, kwa sababu ndicho kitabu pekee ambacho siri na kelele zimepewa nafasi sawa. Michener anafuata, kwa kumpa rubani hofu na kumnyima ushindi. McCain anasomwa kwa kurasa zake za aibu. Williams hana kitabu cha kupimwa hapa; ana ushahidi, na majina manne ya Kirusi yanayomngoja mtunzi atakayeyatia katika beti moja na jina lake, kila moja kwa mizani yake. Anayetafuta kazi ya kutafsiri kwa Kiswahili na aanze na sura za Sybil. Msamiati wake ni wa nyumbani na haumlazimishi mtu kuunda maneno ya mitambo. Na hakuna mwambao usiomjua mwanamke anayengoja chombo, akiambiwa na wakubwa kwamba asiulize.

Oriskany iko wima chini ya maji. Samaki wanaingia na kutoka katika vyumba ambamo mambo yalisemwa kisha yakaamriwa yasisemwe. Kisiwa chake kingali kimesimama.